Mapichi Niliyoyafunga kwa Uzi

Najua nikisimulia hii mtanicheka, hata mume wangu bado hucheka akikumbuka, lakini afadhali mnicheke sasa nikiwa nimeshinda.

Nilipanda miti kumi ya pichi nyuma ya nyumba yetu hapa Rangwe, kwenye kipande alichonipa mama mkwe, na shemeji yangu Otieno akapinga tangu siku ya kwanza kwa sababu alitaka pale papandwe mahindi. "Pichi ni tunda la baridi, shemeji. Hapa utavuna majani." Na kweli miaka mitatu nikavuna majani (mazuri, ya kijani, lakini nani anakula majani ya pichi?).

Sasa kikundi chetu cha akina mama kikawa kinatafuta shamba la kutembelea, mwenyekiti akaniuliza, "Akinyi, mapichi yako yamezaa?" Badala ya kusema bado, mdomo wangu ukasema, "Yamejaa!" Basi wakapanga kuja Alhamisi, na mama mkwe akasema atakuwepo ajionee, aamue kama kipande kinabaki kwangu au anapewa Otieno.

Jumatano mbio hadi Homa Bay mjini nikanunua mapichi, nikabandua zile karatasi ndogo za dukani, na Alhamisi alfajiri nikayafunga mitini kwa uzi wa kushonea, nikarudi nyuma kidogo nikatazama, nikajipongeza kabisa.

Wageni wakafika na vigelegele. Mama mkwe akashika tunda, akavuta, tunda likakataa, akavuta kwa nguvu zote, uzi ukakatika, mama wa watu akakaa chini puu! Tunda mkononi, uzi unaning'inia. Akaligeuza. Kumbe karatasi moja nilikuwa nimeisahau.

"Akinyi," akasema polepole, "mti wako unazaa na lebo?"

Otieno alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikalia mbele ya watu wote, nikakiri kila kitu.

Aliyeniokoa ni Mama Boke, mgeni kutoka Kehancha, ambaye hakucheka (sawa, alicheka kidogo). Alizunguka mti, akakwaruza tawi kwa ukucha. "Huu mti ni mzima, ila haujalala. Kwetu baridi huulaza, hapa unafanya kazi bila likizo. Mvua ikiisha uunyime maji, uutoe majani yote kwa mkono, halafu uumwagilie."

Mama mkwe akainuka, akajipangusa vumbi. "Msimu mmoja," akaniambia. "Mmoja tu."

Kiangazi kilipokuja nikanyonyoa miti yote kumi, jani kwa jani, majirani wakisema sasa Akinyi amerukwa na akili kabisa. Wiki chache baada ya kumwagilia, matawi yale makavu yakatoa maua ya rangi ya waridi kabla hata ya jani moja, nikapiga kelele mama mkwe akadhani ni nyoka. Halafu yakaja matunda, madogo, yana manyoya, matamu, mengi mpaka tukaegemeza matawi kwa magongo.

Kikundi kilirudi, na safari hii nikawaambia wachume wenyewe. Mama mkwe alikula matatu, juisi ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, kisha akamwambia Otieno, "Mahindi tafutia mahali pengine. Hapa ni kwa Akinyi."

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu akiniuliza jambo la shamba nisilolijua, nasema sijui, tena kwa sauti, maana huenda anayelijua amesimama hapo hapo.