Picha ya mtu mwenye isale: anakuja au anaondoka?

Wakuu, heshima yenu. Hii imetokea nyumbani kwetu Old Moshi, sijaongeza chumvi.

Mdogo wangu wa kike anachora. Alimletea mama picha: mtu yuko getini kwenye ukungu, sura haionekani, mguu mmoja umetangulia, ameshika jani la isale.

Kwa wasiojua, isale kwetu unampelekea mtu uliyemkosea. Ukija nalo, ni vigumu kukufukuza.

Sasa yule mtu anaingia kuomba msamaha, au amekataliwa anarudi nalo?

Mimi kukaa na swali siwezi. Picha ile ilinikera kweli kweli, na bado kila nikifika kwa mama naiangalia kabla hata ya kukaa. Raha gani hii inayowasha kama upupu?

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka: "Bro, nikikuambia hutaiangalia tena."

Nikakata simu kwa hasira.

Basi zamu ya jumuiya ikafika kwa mama. Baba mdogo akaja, maana sala ya jumuiya hukwepi. Yeye na mama walikuwa hawaongei tangu wagombanie mpaka wa shamba. Hata msibani wanakaa pande mbili.

Sala ikaisha, watu wakatawanyika, yeye akabaki ameikodolea macho picha.

"Huyu anakuja," akasema, kama anauambia ukuta.

Mama akajibu kutoka jikoni: "Angekuwa anakuja angeshafika. Huyo amefukuzwa."

"Shemeji, hebu angalia mguu vizuri."

"Nimeuangalia kuliko wewe."

Jamani! Wale watu wanaongea!

Siku hizi baba mdogo anapita kila Jumapili baada ya misa. Wanabishana, anapewa chai. Mpaka bado haujaguswa.

Juzi mama akachoka: "Mpigie mdogo wako atuambie, tumalize."

Baba mdogo akaweka kikombe chini, akaniangalia kwa hofu. Naapa, ilikuwa hofu.

Nilitaka kujua kuliko wao wote. Nikaweka simu sikioni bila kupiga.

"Hapatikani," nikasema.

"Basi, Jumapili ijayo," mama akamwambia shemeji yake.

Nilichojifunza: kuna swali likijibiwa, kila mtu anarudi kwake.

Mwenye picha ya kumnyima raha hivi na bado haitoi ukutani, ashushe hapa tusome. Ila mjuaji wa kunieleza mguu upi uko mbele, nakublock.