Duka Lililokataa Kufunguka

Kuna Ijumaa moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na tangu uliponiambia kwamba unawatengenezea akina mama wa Chanika duka la mtandaoni la kuuzia mikeka na vikapu, inanirudia kila siku. Kaa nikusimulie kabla hujawaonyesha kazi yako, maana moyo wangu haujatulia.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Intaneti ndiyo kwanza imeingia Dar, nami nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta pale Kinondoni, kichwa kimenivimba kwelikweli. Gongo la Mboto kulikuwa na banda la wachonga vinyago, Wamakonde wa kutoka Newala, na mkubwa wao alikuwa Mzee Chilumba. Watalii hawakufika kule, na wafanyabiashara wa mjini waliwachukulia vinyago kwa bei ya kuwaonea. Nikamwambia mzee nitamjengea duka kwenye intaneti kwa gharama ndogo, wageni wanunue kwake moja kwa moja. Nilishapata hata mteja wa kwanza, mwenye duka la sanaa huko Ulaya, aliyeahidi kwamba siku ya Ijumaa angevitazama vinyago vyetu na kuagiza.

"Binti, mie nakuamini," mzee aliniambia. "Hii ikishindikana nafunga banda, narudi zangu Newala kwenye korosho."

Maneno yale yalipaswa kunitia adabu. Mimi yakanitia mbwembwe. Niliweka picha kubwa za vinyago kumi na viwili, maandishi ya kuwaka na kuzima, na ngoma ya kulia pindi ukurasa ukifunguka. Niliujaribu mara nyingi kwenye kompyuta ileile niliyoutengenezea, ukawa unafunguka papo hapo, nikajipongeza. Sikuujaribu hata mara moja kupitia laini ya simu, ambayo ndiyo iliyoleta intaneti siku hizo, tena polepole, kama mteja angeufungua.

Ijumaa ikafika. Mzee alivaa shati lake la sikukuu, nikampeleka kwenye intaneti kafe ya Kinondoni akalione duka lake. Nikaandika anwani, tukangoja. Ukatokea ukanda mwembamba wa picha, utosi wa kinyago cha kwanza. Tukangoja tena. Jasho lilinitiririka mgongoni, na nilichowaza ni yule mteja tu, kwamba saa hiyohiyo naye ameketi huko kwao anatazama utosi. Laini ikakatika. Tulipoanza upya tukapata paji la uso na jicho moja.

"Ndo imeisha hiyo?" mzee akauliza.

"Bado, babu. Inakuja tu, inakuja."

Akaitazama mikono yake yenye makovu ya tezo, kile kishoka chake cha kuchongea.

"Binti, mie nikipata gogo la mpingo, kazi yangu yote ni kutoa. Natoa, natoa, mpaka kibaki kinyago. Wewe kwenye kazi yako hii umetoa nini?"

Nilitaka kulia, na kila nilipolitazama lile shati la sikukuu niliona aibu zaidi.

Jumatatu mteja akaandika kwamba alingoja mpaka akachoka, na ameshaagiza kwingine. Ndipo nikaufumua ukurasa wote. Nikaondoa ngoma, nikaondoa maandishi ya kuwakawaka, nikazipunguza picha zikawa ndogo, chini ya kila moja nikaacha jina la mchongaji na kipimo basi. Ukawa unafunguka upesi hata kwa laini ya simu. Baada ya mwezi, mama mmoja wa ng'ambo akaandika kwamba anavitaka vinyago vyote vya Mzee Chilumba, na vingine kila msimu.

Nilikwenda Gongo la Mboto mbiombio na karatasi ya ujumbe ule mkononi. Nikapiga hodi kwenye banda tupu. Vinyago mzee alishawauzia walewale wafanyabiashara wa mjini, akarudi kwao, na chini yalibaki maranda meusi ya mpingo. Nikatuma habari Newala kwa abiria wa basi. Jibu lilirudi kwa mdomo: "Mwambieni binti nashukuru. Tezo zangu nimeshagawa."

Basi, mwanangu, usiliamini duka lako kwa sababu linafunguka kwenye kompyuta yako. Nenda nalo Chanika, azima simu ya bei rahisi kuliko zote, mtandao ukiwa unasuasua, ulifungue ukiwa peke yako. Ukijikuta unangoja, toa kitu. Ukiendelea kungoja, toa kingine, hata kama ndicho ulichokipenda. Wale mama wakikuamini, ogopa wewe kwanza kwa niaba yao, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona cha kuondoa, aibariki mikono ya hao wasusi, na akuepushe kupiga hodi umebeba habari njema, mwenyewe ameshaondoka.