Ukifika kwa Mama wa Mihogo

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo ilinifikia kabla sijafumbua macho, ikitoka chumba cha mbele, na nikiwa bado chini ya blanketi nilijua mambo mawili: shangazi anachapa picha, na mama atagomba.

"Wifi!" mama aliita kutoka jikoni. "Mwiko wangu uko wapi?"

"Uko kazini," shangazi akajibu.

Mwiko ule ulisonga ugali wetu jioni, na asubuhi ukasugua vitambaa. Miaka ile ya wakimbizi malori ya chakula yalipita kijijini kwetu tangu alfajiri, na njia nzima ya kwenda Benaco, upande wa kambi ya wakimbizi, ilijaa mapande ya raba yaliyochanika kwenye matairi. Wengine waliyaokota wakashona ndala. Shangazi aliyaokota akachonga kijiji chetu. Alichonga kwa wembe na waya wa mwavuli alionoa kwenye jiwe, akapaka raba masizi ya sufuria yaliyokorogwa na mafuta ya mbarika, akalaza kitambaa juu yake, kisha akausugua mgongo wa kitambaa kwa mwiko wa mama mpaka picha ikahamia upande wa pili. Kuna siku ugali wetu ulikuwa na ladha ya kanisa.

Hakuchonga kitu kwa sababu ya uzuri wake. Siku ya soko alisimama katikati ya watu akawauliza mmoja mmoja: "Mgeni akitaka kufika kwako, unamwambia apite wapi?" Kilichotajwa na wengi kilichongwa. Ndiyo maana kwenye vitambaa vyake kulikuwa na kanisa, lakini pia rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule, jiwe ambapo wanawake hutua mizigo yao ya kuni, mashine ya kusaga, na mkaratusi uliopigwa radi. Nilimwomba mara nyingi achonge kilima cha nyuma ya nyumba yetu, ambacho wakati wa jua kuzama kiligeuka rangi ya ndizi mbivu. Alikitazama akatikisa kichwa.

"Kizuri, ndiyo. Lakini hakimpeleki mtu popote."

Mwaka mmoja kijiji kilijenga ofisi mpya, na mwenyekiti akamwagiza shangazi kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani nyuma ya meza yake. Shangazi alikipokea kama mtu aliyekuwa akikingojea siku zote. Alichapa picha moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake, kanisa huku, mashine kule, hadi ikabaki nafasi moja tupu: njia panda, pale ambapo barabara moja inashuka kambini na nyingine inapanda kijijini kwetu.

Hapo njia panda alikaa mwanamke wa Kirundi aliyekaanga mihogo. Alikuwa akija kutoka kambini tangu kabla sijaanza shule. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hakuna aliyekihitaji, kwa kuwa Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana kama majirani wanaoazimana chumvi. Alikaanga kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia alipepea moshi na kipande cha boksi. Jioni aliacha sufuria yake kwetu, hatua chache tu kutoka pale, ili asiipandishe na kuishusha kila siku. Mlango wetu wa mbele ulikuwa umeshuka kwenye bawaba. Wageni waliusukuma ukakwaruza sakafu na kugoma. Ulitaka kuinuliwa kidogo kabla ya kuvutwa. Yeye aliugundua ujanja huo mapema, bila kuambiwa na mtu.

Jioni moja aliweka sufuria chini, akakaa juu ya kigoda bila kukaribishwa.

"Wametangaza," alisema. "Lori letu linaondoka wiki ijayo. Tunarudi kwetu."

Mama alimmiminia uji. Hakuunywa. Alikuwa akitazama kitambaa kilichotandikwa sakafuni, ile nafasi tupu.

"Dada," alimwambia shangazi, "nimekaa pale mpaka watoto wangu wamekuwa watu wazima. Nikiondoka, mvua moja tu itafuta majivu yangu, na itakuwa kama hakukuwa na mtu. Niweke kwenye kitambaa chako."

"Sijawahi kuchonga mtu. Watu wanahama."

"Si ndiyo nakuambia? Nahama. Nichonge kabla."

Shangazi alicheka, lakini usiku huo alichukua mkaa akachora juu ya raba duara la sufuria, moshi, na mgongo ulioinama.

Kesho yake mwenyekiti akaja kukagua kazi. Alisifu kanisa, akasifu shule, kisha akaiona ile raba.

"Na hii?"

"Mama wa mihogo."

"Yule mkimbizi?" Alivua kofia akaivaa tena. "Wageni wa wilaya watakuja pale ofisini. Unataka wakute sufuria ya mihogo nyuma ya kichwa changu?"

"Itakupendeza."

"Sitanii, mama. Weka bendera hapo. Yule mwanamke wiki ijayo hayupo."

"Na mkaratusi haupo, ulianguka mwaka juzi. Mbona bado watu wanapitia pale kwenye mkaratusi?"

Mwenyekiti alikuwa na jibu, nina hakika, kwa maana alikuwa mtu wa majibu. Lakini lori lilisimama nje ya mlango uliokuwa wazi likipumua vumbi, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mzee. Nimebeba bati za ofisi ya kijiji. Nimeambiwa nizishushe nyumbani kwa mwenyekiti. Ni wapi?"

"Marahaba. Mwenyekiti ni mimi, na umepapita kwangu. Geuza gari, rudi ulikotoka. Ukifika kwa mama wa mihogo..."

Mama, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na unga hadi viwikoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangua kicheko.

"Malizia, mwenyekiti," shangazi akasema kwa upole kabisa. "Akifika kwa mama wa mihogo, akunje wapi?"

"Mama wa mihogo namjua, mzee," dereva akadakia. "Madereva wote tunamjua. Wewe niambie kulia au kushoto."

"Kulia," mwenyekiti akasema. Akaangalia viatu vyake, mabega yakaanza kumtikisika, na mwishowe akacheka yeye kuliko sisi sote. "Haya, mchonge. Lakini mdogo. Asiizidi bendera."

"Bendera haimo."

"Basi asinizidi mimi."

"Na wewe humo."

Alipanda lori pamoja na dereva, na tuliwasikia wakicheka hadi kwenye kona.

Shangazi alichonga siku zilizofuata, amekaa kizingitini ili mwanga umwangukie mkononi. Mama alichungulia juu ya bega lake.

"Umekosea, wifi. Yule anatumia shoto. Wewe umempa mkono wa kulia."

"Ngoja."

Alasiri ya siku moja kabla ya safari, mwanamke yule alikuja na kifurushi kidogo. Shangazi alikuwa amemsubiri. Alipaka wino, akaiweka raba chini ya ile nafasi tupu, akasugua, kwaru, kwaru, kisha akabandua kitambaa taratibu na kukigeuza.

Mama wa mihogo alichuchumaa. Hakuanzia pale alipokuwa yeye. Kidole chake kilianzia kanisani, kikielea juu ya kitambaa bila kukigusa, kikapita kwenye jiwe la kuni, kikapumzika kidogo, kikapita mashine na mkaratusi, kikashuka na barabara kama mtu anayetembea, mpaka njia panda. Hapo kikasimama. Kwenye kitambaa, ambako picha hutoka imegeuka kama kwenye kioo, mwiko wake ulikuwa umerudi mkono wa kushoto.

"Mkono ule ule," alisema.

Tulimwacha atazame. Baadaye akakunja uso.

"Umenifanya mnene."

"Hiyo ni sufuria."

Alicheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Shangazi akamletea nakala ndogo aliyoichapa juu ya kipande cha mfuko wa unga.

"Hii ni yako. Nenda nayo."

"Hapana." Aliirudisha kwa mikono miwili. "Mimi sitasahau nilikokaa. Ninyi ndio mnaoweza kusahau. Hiki kikubwa kitundikeni ofisini, na hiki kidogo kitundikeni hapa."

Akafungua kifurushi, akatoa mwiko wake wa kukaangia, mweusi, uliolainishwa na mafuta ya miaka yote ile, akaulaza juu ya goti la shangazi.

"Tumia huu. Wifi yako arudishiwe wake."

Mama aligeuka akatazama ukuta.

Tukaagana kwa lugha zetu mbili, maneno yakifanana hata hatukujua nani ameanza na nani ameitikia. Akajitwisha kifurushi. Akatoka, akashika komeo, akauinua mlango kidogo, kama anavyouinua mtu wa nyumba ile, akauvuta, nao ukafunga bila kukwaruza.