Malaria ya Mkosoaji

Nilikuwepo mwenyewe, na asiyeamini aje aniulize, maana enzi za utawala wa wanajeshi hakuna jambo la mtaa wetu wa Nakasero lililonipita. Mjane alifika kwenye kaunta ya gazeti kutoa tangazo la kifo cha mumewe, yule aliyekuwa akiyachambua magazeti yetu na kuyaumbua kila yalipoandika uongo. Sisi wasomaji wake tulisimama nyuma yake kumsindikiza.

"Alikufa kutokana na nini, mama?" karani akauliza.

"Walimtia kwenye buti ya gari."

Kalamu ikasimama. Bwana wa miwani myeusi, aliyekuwa ameegemea mlango, akatabasamu.

"Niandike aliugua?" karani akanong'ona.

"Hata mafua hakuwa nayo! Maisha yake yote aliwakataza uongo, leo mnamzika nao?"

Yule bwana akasogea. "Aliugua nini?"

"Malaria, afande!" tukaitikia sote, kama darasa.

Watu hulaumu waandishi peke yao. Siku ile uongo tuliutunga sisi wasomaji, tena tukashukuru kufika nyumbani.

Yote ni kweli, ila lile jibu kali la mjane kuhusu mafua na uongo nimelitia mimi. Yeye alitazama tu mlangoni, akakaza mshipi wa gomesi, gauni lake refu, akamwambia karani, "Andika malaria, mwanangu."