Katambuga za Masunga

Nyanjige hakuwa mtu wa kusamehe, na hakujisingizia kwamba ni mtu wa kusamehe. Wifi zake walimsihi, katekista alimsihi, akawajibu wote jibu moja: akimaliza, atasamehe. Alikuwa na pikapu nzito ya kubebea pamba kutoka vijijini, akiiendesha mwenyewe, na miguuni alivaa katambuga, vile viatu vya tairi vya wachunga ng'ombe. Mnadani katambuga, kanisani katambuga. Watu wa Bariadi walisema ni ubahili. Kumbe zilikatwa kutoka kwenye tairi lililomuua mumewe.

Masunga alipinduka msimu wa pamba wa mwaka juzi, kwenye kona ya mteremko karibu na Bukundi, huko Meatu, tairi la mbele lilipopasuka gari likiwa na mzigo. Hata matanga hayajaanuliwa, Dastan, muuza matairi aliyemuuzia lile tairi, alikwishaeneza neno kwamba marehemu alikuwa chakari. Masunga! Mtu ambaye hakuonja pombe tangu kipaimara! Lakini uongo ukipata miguu haurudi nyumbani. Hata Bujiku, mdogo wa Masunga wa tumbo moja, aliumeza mzimamzima. Alipojaliwa mtoto wa kiume, alikataa kumpa jina la kaka yake, akasema hataki kumrithisha mwanawe ulevi. Hilo lilimuuma Nyanjige kuliko jeneza lenyewe. Akaapa kwamba Dastan ataufuta uongo huo kwa mdomo wake mwenyewe, na Bujiku akiwepo.

Ukweli aliupata kwenye mnada wa Mwamapalala. Huku kwetu tairi halitupwi hata likiwa limeua. Alilipeleka huko kwa mzee Mboje, mshonaji wa katambuga, angalau lizae viatu. Mzee alitia kisu mara mbili, akasimama. Akapitisha kidole ndani ya mifereji ya tairi, polepole.

"Mayu, mama yangu," akasema, "hili lilikuwa kipara. Limechongwa meno upya kwa kisu, likapakwa rangi nyeusi. Angalia, kisu kimefika mpaka kwenye waya."

Nyanjige hakulia. Alikaa pale mpaka mnada ukavunjika, akifundishwa. Kwamba chini ya mifereji ya tairi zima kuna vituta vidogo vya mpira, na mchongaji huvikata vikaisha. Kwamba tarakimu nne za ubavuni husema wiki na mwaka wa kuzaliwa kwake. Kwamba gari la mzigo katika mawe na miiba ya Meatu lataka tairi la tabaka kumi, lenye ubavu mnene, na meno yaliyoachana ili yateme tope la mbuga. Akashonewa katambuga zake, akazivaa palepale.

Msimu huu matairi ya pikapu yalipokwisha, akaenda moja kwa moja dukani kwa Dastan. Yule bwana hakumtambua, maana biashara yake yote alifanya na Masunga. Alimkaribisha kwa mwangaluka nyingi, salamu za Kisukuma zisizokwisha, akamletea manne yanayong'aa, akaapa kwamba yangefika Dar na kurudi. Nyanjige aliingiza kidole kwenye mifereji. Vituta hakuna. Moyo ukamdunda kwa furaha mbaya, akayachukua yote manne. Kisha akamwambia kwamba kuna mnunuzi wa pamba Bukundi mwenye magari sita yasiyo na matairi ya maana. Je, kesho asingefuatana naye akajieleze mwenyewe? Tamaa mbele, mauti nyuma. Dastan alikubali kabla hajamaliza kusema.

Jioni ile Nyanjige alikwenda duka jingine, akachagua manne ya jina lilelile, akiyakagua kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari, mpaka muuzaji akachoka naye. Hayo ndiyo yaliyofungwa. Akayapaka tope jeusi ili Dastan asiyatambue, na yale ya Dastan akayalaza nyuma chini ya turubai.

Asubuhi Dastan alipanda mbele akiwa na viatu vyake vya ngozi vinavyong'aa. Bujiku alikaa kiti cha nyuma. Aliambiwa anakwenda kusaidia kupakia. Njia nzima Dastan alipiga soga. Walipoufikia mteremko wa Bukundi, Nyanjige akakanyaga mafuta. Mawe yakaanza kugonga chini ya gari. Dastan alicheka kidogo, akashika kitasa cha mlango, akamwomba apunguze mwendo.

"Unaogopa nini, na matairi ni mapya?" Nyanjige akamuuliza.

Hakupunguza. Kona ilikuwa inakuja, na jasho lilikuwa linamtiririka Dastan mpaka kwenye kola.

"Simamisha, mama! Yamechongwa! Yote manne yamechongwa!"

"Na ya Masunga?"

Dastan akamtazama kwa mara ya kwanza, akaelewa yuko kwenye gari la nani.

"Na ya kwake. Hakulewa. Nilisema tu ili watu wasinigeukie."

Nyanjige akafunga breki. Aliteremka, akafuta tope kwa ncha ya khanga, akamwonyesha vituta vya mpira kimoja kimoja. Kisha akafunua turubai. Dastan alipoona kwamba alipiga kelele za hofu juu ya matairi mazima, akakaa chini. Bujiku alikuwa ameshachukua spana ya magurudumu. Nyanjige akamnyang'anya.

"Mwache. Namtaka mzima, akasimulie."

Akazivua katambuga, akamtupia miguuni. Akamwambia avue vyake. Dastan alivua bila kubisha, akavaa lile tairi lake, akaelekezwa njia ya Bariadi, siku mbili kwa mguu. Nyanjige hakumwonea huruma hata chembe. Aliona raha, raha tupu, na hakuona haya kuiona.

Wakaendelea na safari, yeye akikanyaga mafuta kwa mguu mtupu. Bujiku alilia muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba wakirudi, mtoto ataitwa Masunga. Nyanjige akaitikia kwa kichwa.

"Shemeji," Bujiku akauliza, "sasa umemaliza? Utamsamehe?"

Nyanjige akaangalia kwenye kioo cha pembeni. Dastan alikuwa mbali, mdogo, anachechemea juani.

"Bado hajafika Bariadi," akasema.