Nusu Iliyotoweka Kwenye Karatasi ya Dawa

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji: karatasi za dawa za kliniki yetu zinadanganya. Kuna mtoto, ilisemwa, kapewa dawa kama karatasi inavyoelekeza, akalala kutwa nzima, hata akitikiswa haamki. Aliyeniambia alisikia kwa shemeji yake, shemeji naye kwa jirani. Nikasema umbea huo. Lakini nyumbani nina mtoto wa dawa hizohizo, na umbea ukaingia nami jikoni, ukalala nami kitandani. Kulipokucha nikajifunga kitambaa, nikaenda zinakochapwa.

Duka ndiyo kwanza limefunguliwa. Pananuka wino na karatasi zenye joto la printa. Mwanamke mwembamba ameinamia kompyuta, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hapa wanamwita Dada Nukta, maana nukta ikikosekana mahali, yeye hali akashiba.

"Si umbea," anasema kabla sijamaliza swali. "Ni kweli, mama. Mtoto yuko salama, amesharudi kwao na anasumbua watu kama kawaida. Lakini karatasi ile imetoka mikononi mwangu."

Anavuta kigoda, ananionyesha nikae. Wala haachi kubonyeza.

Kazi yake ni kupanga kurasa. Watu wanamletea maneno, yeye anayahifadhi kama maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, ili faili lifunguke kwenye kompyuta yoyote, hata ile mkweche. Kisha kuna programu inayoyasoma maandishi hayo na kuyapanga: kichwa cha habari hapa, pambizo pale, ukurasa ukatike wapi. Inatoa faili lililo tayari kuchapwa. Yeye anaiita "mpangaji".

"Wateja wananitania," anasema. "Wananiuliza, huyo mpangaji wako kodi analipa?"

Mpangaji wa zamani alikuwa na kasoro moja kubwa. Kliniki inahudumia pia familia zilizohamia mtaani kwetu, ambazo maandishi yao husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kila karatasi yao ilipotoka, herufi zote zilikuwa visanduku vitupu.

Ndipo Dada Nukta akaamua kuweka programu nyingine, inayoijua Unicode, ule utaratibu wa kuipa kila herufi na kila alama ya dunia namba yake, ili kompyuta zielewane. Hakuna aliyemfundisha. Alisoma kwenye simu, nyumbani, sufuria ikiwa jikoni. "Nimeunguza maharage mara nyingi mpaka mume wangu akaanza kupika mwenyewe. Faida nyingine hiyo!"

Ikakubali. Mama mmoja mgeni alisimama papo hapo mezani akasoma karatasi ya lugha yake kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, huku anacheka. Duka zima likapiga makofi. Tangu siku hiyo kila mtu akamwamini mpangaji mpya kupita kiasi, na Dada Nukta mwenyewe akiwamo.

Mwenye duka, mzee mcheshi asiyevua kofia, akaleta fonti yake, yaani umbo la herufi alilolipenda. "Mimi nilitaka tu ipendeze," anajitetea akiwa mlangoni. "Kliniki nayo ina haki ya karatasi nzuri, kama kadi ya harusi."

Fonti ile ilikuwa na herufi zote za abjadi, tena za kuringa. Haikuwa na alama ya ½.

Kwenye faili la Dada Nukta palisomeka: *Kidonge ½ asubuhi, kidonge ½ jioni.* Kwenye karatasi pakatoka: *Kidonge asubuhi, kidonge jioni.* Hapakuwa na kisanduku wala doa. Sentensi ilisomeka vizuri kabisa, na ndiyo hatari yake.

"Mpangaji aliijua alama," anasema Dada Nukta, "ila fonti haikuwa na umbo lake. Na alinionya, usifikiri alininyamazia. Ila alionya kwenye faili lake la kumbukumbu, ambalo sisi mafundi hatulifungui kazi ikishatoka. Mimi nikahakiki kwenye kioo cha kompyuta, kwenye maandishi yangu. Nusu nikaiona pale. Karatasi yenyewe sikuisoma."

Nikafungua mkoba. Karatasi ya mwanangu ilikuwamo; nikaiweka mbele yake.

Muuguzi wa kliniki anaingia akihema. Akina mama wameshajaa kwenye mabenchi, na karatasi za zamani amezikusanya zote alizoweza kuzipata, amekuja nazo.

"Dada, nipe chochote," anasema. "Hata ukiandika kwa kalamu."

"Si ndiyo hivyo!" mzee anadakia. "Chukua kalamu, malizia nusu zako, watu waende."

"Zako hizi za leo nitaziandika kwa kalamu, sista," anajibu Dada Nukta. "Lakini, mzee, kesho nani atashika kalamu? Mimi nataka huyu mpangaji agome. Akikosa umbo la alama moja tu, asitoe hata ukurasa mmoja. Afadhali tugombane naye humu dukani kuliko akina mama wagombane na dawa huko nyumbani."

"Printa ikigoma wateja watakimbia."

"Wakimbie wakiwa wazima."

Mzee anavuta kofia. Muuguzi anashika kalamu nyingine, wanaandika pamoja. Katikati ya kazi muuguzi anasema, "Kwa nini tusiandike neno nusu pia, pembeni ya alama? Moja likipotea, jingine litasema." Dada Nukta anainua macho. "Umenipa dawa, sista."

Muuguzi anapoondoka, Dada Nukta anarudi kwenye kompyuta. Anaweka fonti nyingine, ya kawaida, yenye alama nyingi. Anamwamuru mpangaji asimame kila umbo linapokosekana. Kisha, kujaribu ile amri, anamrudishia fonti ya harusi na kumpa mafaili yote ya kliniki, moja baada ya jingine.

Mpangaji anagoma, kama alivyotakiwa. Lakini anagoma pia kwenye faili ambalo hakuna aliyelishuku: karatasi ya watoto wachanga. Alama ya ¼ haipo.

Dada Nukta anageuka polepole. Rundo la karatasi hizo liko juu ya kaunta, limefungwa kamba, tayari kupelekwa kliniki.

"Hizo zimeshatoka hata moja?" anauliza.

"Bado," mzee anajibu. Anavua kofia. Analibeba rundo mwenyewe hadi uani na kulichana.

Dada Nukta hataki kuhama kazi wala kujificha. Anataka karatasi zote za kliniki zipite kwa mpangaji huyu anayegoma, kwa lugha zote za mtaa, na kwa herufi kubwa kwa bibi zetu wasioona vizuri. "Nimekosea nikiwa humu," anasema. "Nitarekebisha nikiwa humuhumu."

Wazazi wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usipokee karatasi inayotaja kidonge bila kusema ni kiasi gani.

Usiache karatasi ya zamani nyumbani. Irudishe kliniki.

Ukiona visanduku au pengo, usikisie.

Wewe unayechapa, usihakiki kwenye kioo tu. Soma kilichotoka kwenye printa.

Usichague fonti kwa urembo kama kuna mgonjwa atakayeisoma.

Usione haya kumuuliza muuguzi mara ya pili, hata foleni ikiguna.

Na usimpe mtoto kidonge kizima mpaka umesikia kwa mdomo wa muuguzi: kizima.