Mnazi Uliosingiziwa

Boga wa Mwabungo alikuwa akiwaongoza watalii juu ya farasi katika ufuo wa Diani, na kwa kazi hiyo alijiona, tena alijiona hasa. Mgeni akianguka mchangani, Boga ndiye wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza. Mercy, mwanamke wa bara mwenye farasi wale, alipowakatia wafanyakazi wake bima ya ajali, wenzake walishukuru. Boga alisimama mlangoni mwa zizi akasema, "Mimi niangushwe na farasi? Siku hiyo nivalisheni leso mnitembeze Ukunda nzima!" Watu wakashika mbavu, maana mdomo alijaliwa.

Basi asubuhi moja, Mercy akiwa safarini Nairobi, Boga na mwenzake Seifu walikuwa wakiwanyoosha farasi miguu kando ya maji. Boga alimpanda Asali, jike mzee anayebebeshwa watoto wadogo, mpole hata nzi hawafukuzi kwa haraka. Kwenye roshani ya hoteli akawaona wageni wawili wakimpiga picha. Akaachia hatamu, akainua mikono yote miwili kuwapungia. Papo hapo Asali akaona lundo la mwani, akainamisha kichwa kunusa. Ni hilo tu. Boga akateremka shingoni mwake kama gunia linaloshushwa, akapiga mguu kwenye jabali, na mfupa ulio chini ya goti ukavunjika.

Seifu alipomfikia, Boga hakuomba maji wala daktari. Alisema, "Seifu, niapie. Usimwambie mtu."

Seifu akaapa, masikini, afanyeje na mwenzake analia? Hospitalini, walipoulizwa kilichotokea, Boga akajibu kwamba ameanguka kutoka mnazini. Kuanguka mnazini si aibu, ni kazi ya kiume. Jirani walipotaka kujua ni mnazi upi, akautaja wa kwanza uliomjia ulimini: mnazi wa Bi Mwanarusi, mjane aliyekaa nyuma ya nyumba yake, ambaye Boga humwangulia nazi mara kwa mara. Eti alipitia alfajiri, kabla ya kazi, hakutaka kumwamsha bibi. Uongo ukakaa vizuri, ukavuta kiti.

Bi Mwanarusi aliibeba lawama ile kana kwamba yeye ndiye aliyemsukuma Boga. Alikuwa akiishi kwa kuuza mbaazi za nazi asubuhi, na nazi zake zilitoka mnazi uleule. Sasa kila siku alikuja na bakuli kumlisha mgonjwa, na kila siku aliomba radhi. Majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba mnazi ule una shari, wakawakataza watoto kukanyaga uani kwake. Wanunuzi wa mbaazi wakapungua. Boga aliyasikia yote hayo akiwa kitandani, akageukia ukutani. Aliona haya, naam, lakini bado hazijamzidi.

Mercy aliporudi alikuja kumwona.

"Pole sana Boga, aki. Ungeanguka na farasi, bima ingelipa operesheni yote, na ingekupa kitu kila wiki mpaka upone. Lakini mnazi? Hiyo hawalipi."

Boga akahisi masikio yanamwaka moto. Daktari alikwisha kumwambia kwamba uvimbe ukishuka ni lazima mguu utiwe chuma, la sivyo atachechemea maisha yake yote, na mwenye kuchechemea hapandi farasi. Mkewe Esha alikuwa ameanza kuzungumzia mchango msikitini. Neno moja tu lingemwokoa. Lakini akisema sasa, si wataona amemzua farasi kwa tamaa ya bima? Na wale aliowacheka je?

"Ni kadari ya Mungu," akasema, na alipojisikia akimtia hata Mungu katika uongo wake, alitamani godoro limmeze.

Siku ya pili yake, msumeno wa mashine ukanguruma nyuma ya nyumba, kisha ardhi ikatikisika mpaka vikombe vikagongana.

"Nini hicho?" Boga aliuliza.

"Bi Mwanarusi ameukata mnazi wake," Esha akajibu. "Amesema hautamwangusha tena mtoto wa mtu."

Mchana bibi alikuja na bakuli lake kama kawaida.

"Shikamoo, mamangu," alisema Boga.

"Marahaba, mwanangu. Nimeuondoa. Mbao zake zikiuzwa, zitasaidia huo mguu."

Hapo Boga akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa kwikwi. "Bi Mwanarusi, mimi sikuanguka mnazini. Nilianguka kwenye farasi. Na wala hakuniangusha, aliinama tu kunusa mwani!"

Bibi akatabasamu. "Una moyo mzuri, mwanangu. Wataka kuniondolea lawama. Usijisingizie kwa ajili yangu."

Sifa ile ilimchoma kuliko matusi. Akampigia Seifu simu, akaiongeza sauti wote wasikie. "Seifu, nimekufungulia kiapo. Sema yote."

Seifu akasema: mikono miwili hewani, lundo la mwani, jabali. Hakuacha kitu. Esha alisimama mlangoni, mkono kinywani. Kisha Boga akampigia Mercy, akayarudia mwenyewe. Mercy hakucheka. Alisema watamhitaji Seifu awe shahidi, na hospitali ielezwe upya, na kwamba akisema kweli mpaka mwisho, bima italipa.

Bi Mwanarusi alikuwa akiitazama simu.

"Kwa hiyo hiyo bima yenu itautengeneza mguu?"

"Itautengeneza, mamangu."

"Alhamdulillahi." Akalisogeza bakuli karibu na mgonjwa. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua tu: "Na kwa mnazi, ina chochote?"

"Haina, mamangu," alisema Boga, na bibi akamwambia ale, chakula kinapoa.